Mambo ya Nyumbani: Hewa Iliyojifungia Bombani



Mwezi huu twajibu swali lililotoka Majengo, katika mji wa Songea. Kwa kuwa jawabu lake lazifaa nyumba nyingi, tumeona vema kulieleza hapa mbele ya wote.

Muulizaji ni dada yetu, mama wa nyumba. Habari yake kwa ufupi ni hii: nyumbani kwao kuna tangi lililowekwa juu ya mnara uani. Bomba latoka tangini, lapita jikoni kwanza, kisha lapanda juu ya mlango, lashuka, lapanda tena juu ya mlango wa pili, ndipo lifike bafuni na katika chumba cha uani anachokaa mpangaji pamoja na mkewe na watoto. Kila mara maji ya mji yakatikapo na tangi likakauka, siku yanaporudi jikoni yatoka vizuri, lakini bafuni bomba laguna, latema mate, kisha lanyamaza. Watu wa nyumbani wamemshuku mpangaji kwamba aifunga koki iliyo karibu na mlango wake, na sasa wataka kumpa notisi ya kuhama. Fundi mmoja naye amesema dawa ni kununua pampu, na fedha iliyopo ni ada ya shule ya mtoto. Mama mkwe, ambaye ni mtu mzima sana, huchotewa maji ya udhu kwa ndoo wakati wa Alfajiri. Na baridi ya Songea katika mwezi wa Juni na Julai yajulikana. Dada yetu auliza: tufanye nini?

Dada yetu, jawabu letu la kwanza ni hili: pampu isinunuliwe, wala mpangaji asiambiwe neno la kuhama, mpaka mtazame jambo moja ambalo halionekani kwa macho, nalo ni hewa. Dalili zote ulizozitaja ni dalili za hewa iliyojifungia katika bomba.

HEWA YAZUIAJE MAJI?

Watu wengi hustaajabu wakiambiwa kwamba hewa, kitu chepesi namna hiyo, yaweza kuyazuia maji. Lakini muulizeni dereva yeyote wa lori apandaye na kushuka milima ya njia ya Njombe na Songea, atawaambia khatari ya breki zilizoingia upepo. Akikanyaga, mguu wazama na gari halisimami, kwa sababu nguvu yote imepotea katika kuiminya hewa. Katika bomba la nyumba mambo yaenda kwa njia nyingine kidogo, lakini mwizi ni yule yule.

Hewa ni nyepesi kuliko maji, basi siku zote hukimbilia juu. Bomba likipanda kisha likashuka, pale juu huwa kama kilele cha kilima, na hapo ndipo hewa hukaa. Haina pa kwenda mbele, maana mbele ni mteremko, wala haina pa kurudi, maana nyuma yake kuna maji.

Tufanye hesabu ndogo, vijana waifuate kwa kalamu. Tuseme maji ya tangi yako mita 4 juu ya ardhi, na bomba likipanda juu ya mlango hufika mita 2 na nusu. Maji yana nguvu ya kupanda mita 4, basi huupita mlango wa kwanza bila ya taabu, na hubakiwa na nguvu ya mita 1 na nusu. Sasa, ng'ambo ya mlango bomba lashuka. Likiwa limejaa maji, ule uzito wa maji yashukayo hurudisha nguvu yote iliyotumika katika kupanda. Lakini likiwa na hewa, maji huteleza ubavuni mwa bomba kama mvua katika mfereji, na hewa hubaki imejaa mteremko mzima. Hewa haina uzito wa kusukuma. Basi kule chini hufika nguvu ile ile ya mita 1 na nusu, wala haiongezeki. Mlango wa pili wadai mita 2 na nusu. Maji hupanda mita 1 na nusu, au zaidi kidogo tu, kisha husimama. Tangi limejaa, koki zote zi wazi, hapana aliyefanya hiana, na bafuni hapana tone.

Mpanda baiskeli wa Songea aifahamu hesabu hii bila ya kalamu. Mteremko wa kilima kimoja humpa kasi ya kupandia kilima cha pili. Lakini mtu aliyeukokota mteremko kwa miguu afikapo chini hana kasi yoyote, na kilima cha pili humshinda. Hewa huyafanya maji yashuke pasipo kupata kasi.

Hapo pia mwaona kwa nini jikoni hapana taabu: jiko liko kabla ya milango hiyo miwili. Tena mwaona kwa nini jambo hili huja baada ya tangi kukauka tu. Tangi likikauka, bomba nalo humwagika na kujaa hewa. Maji mapya yakiingia, hewa hufungiwa katikati.

KUTAMBUA KABLA YA KUTUHUMU

Yapasa sasa kutenganisha kasoro ya hewa na kasoro nyingine, ili asilaumiwe asiyehusika. Dalili zake ni hizi.

Hewa hutoa sauti. Koki yaguna, yatema, yanyamaza, kisha huenda ikatoa tena. Mchanga au jani lililoziba chujio halina sauti: maji hutoka membamba, lakini hutoka sawasawa kila siku. Koki iliyofungwa haitoi maji wala sauti, wala haichagui siku. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kuifunga siku yoyote. Kasoro inayokuja tu siku ya pili ya tangi kukauka haikutoka katika mkono wa mtu.

Basi mwiteni mpangaji kwa heshima, mwambieni, "Ndugu yetu, njoo tuitazame koki hii pamoja." Ifungueni mpaka mwisho mbele yake na mbele ya watu wa nyumbani. Ikiwa iko wazi na maji hayaji, shaka imekwisha, na mmepata msaidizi wa kazi inayofuata. Kumhamisha mtu na watoto wake kwa sababu ya pumzi iliyokaa juu ya mlango ni dhuluma, na dhuluma ya namna hiyo hairekebishwi kwa spana.

Kuna jambo jingine linalowatia watu hofu. Maji yakirudi, mara nyingi huwa meupe kama maziwa, na watu husema yametiwa dawa. Kinga maji hayo katika bilauri, iweke mezani, itazame. Yakianza kusafika kutoka chini kwenda juu, weupe huo ni vitone vidogo vya hewa vinavyopanda, navyo havina madhara. Yakisafika kutoka juu kwenda chini, na kitu kikatuama kwenye kitako cha bilauri, hapo ni taka au udongo, na maji hayo yasinywewe mpaka yachunguzwe.

KUITOA HEWA

Kwanza, jazeni tangi mpaka juu kabisa. Kila sentimita ya maji ni nguvu iliyoongezwa, na mara nyingi nusu mita ya ziada yatosha kuivusha hewa.

Pili, fungeni koki ya jikoni, maana maji hupenda njia iliyo rahisi. Kisha fungueni wazi koki zote za mwisho, ya bafuni na ya chumba cha uani, muziache robo saa. Zikiguna na kutema, msizifunge. Huko kuguna ndiko hewa itokako. Zifungeni maji yatakapotoka mfululizo bila ya sauti.

Tatu, hayo yakishindikana, hewa hutolewa kwa kusukumwa kinyume. Chukueni mpira wa maji, mwuunge baina ya bomba la uani litokalo moja kwa moja katika bomba la mji, na koki ya bafuni. Hapo jikoni pafungwe, na koki zote za njiani ziwe wazi. Fungueni koki ya bafuni kwanza, kisha fungueni ile ya uani polepole. Maji ya mji, yakiwa na nguvu, yataingia kwa nyuma na kuirudisha hewa mpaka tangini, itoke hapo. Kijana mmoja asimame akisikiliza tangi. Atasikia likitoa mapovu. Dakika chache zatosha.

Lakini hapa pana masharti matatu. Jambo hili lifanywe maji ya mji yakiwa na nguvu, na mtu akae pale pale mpaka mwisho. Pili, mpira uondolewe mara tu kazi ikiisha, kwa sababu bomba la mji likiishiwa nguvu hali mpira umeungwa, maji ya tangi lenu yatanyonywa kurudi katika bomba wanalonywa majirani. Tatu, njia hii isitumiwe kamwe katika bomba lililoungwa na chombo cha kupashia maji moto. Sababu yake tutaieleza chini.

Hayo ni matibabu ya leo. Dawa ya kudumu ni kuipa hewa mlango wake. Pale juu ya kila mlango, bomba linapofika kilele, fundi atie koki ndogo ya kutolea hewa. Tangi likijazwa baada ya kukauka, ifunguliwe mpaka itoe maji, kisha ifungwe. Au asimamishe hapo bomba jembamba lililo wazi, lipande mpaka lipite usawa wa maji ya tangi, na mdomo wake ugeuzwe chini na kufungwa wavu ili wadudu wasiingie. Hilo hutoa hewa lenyewe, wala halihitaji mkono wa mtu. Na bora zaidi ya yote ni kutopanda: bomba lifukiwe lipite chini ya kizingiti badala ya kuruka juu ya mlango, kisha lipande mara moja tu, kuelekea koki. Mita chache za bomba na ujira wa siku moja wa fundi si kitu mbele ya bei ya pampu.

Ama pampu yenyewe, haifahamu hewa. Pampu iliyotengenezwa kusukuma maji, ikikuta hewa tumboni mwake huzunguka bure, hupata moto na kuharibika. Na mtu akiiunga moja kwa moja na bomba la mji, huwanyang'anya majirani maji yao, tena huweza kuvuta uchafu kupitia nyufa za bomba lililo ardhini. Basi ada ya mtoto iende shuleni.

WENYE MAJI YA MOTO

Siku hizi nyumba kadha wa kadha zimeweka juu ya paa vyombo vya kupashia maji kwa jua, na wenye kuviweka huona ajabu kwamba bomba la maji ya moto hushikwa na hewa mara nyingi kuliko la maji baridi. Sababu yake iko jikoni kwenu. Itazameni sufuria ya maji iliyo motoni, muda mrefu kabla haijachemka: vitone vidogo vimeshika pembeni na chini. Hiyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji baridi, na joto limeitoa. Basi bomba la moto hujizalia hewa lenyewe, hata lisipokuwa na ufa.

Chombo cha jua cha namna iliyo ya kawaida hakina pampu. Maji yaliyopata moto huwa mepesi, hupanda yakaingia tangini, na yaliyo baridi hushuka kuchukua mahali pake. Mzunguko huu ni mpole mno, na kitone kikubwa cha hewa chatosha kuusimamisha. Jua likawaka mchana kutwa, na jioni maji yakawa vuguvugu tu. Kwa hiyo bomba lipandalo kutoka kwenye kioo kwenda tangini lisiwe na mahali popote palipozama kisha pakainuka. Lipande moja kwa moja. Na tangi la maji baridi lazima liwe juu kuliko chombo cha moto.

Vyombo vingi vya namna hii vina bomba dogo lililo wazi kwa juu. Wako wanaoliziba kwa sababu latoa mvuke au ladondosha maji. Wazazi, liangalieni sana jambo hili. Bomba hilo ndilo pua ya chombo. Likizibwa, mvuke na maji yaliyotanuka hayana pa kutokea, na tangi huweza kupasuka. Ndiyo maana tumekataza kulisukumia maji ya mji kwa nyuma. Tena koki ya moto inayoguna isisogezewe uso wala mkono wa mtoto, kwani baada ya pumzi yaweza kurusha maji yaunguzayo ngozi mara moja.

WALIO KATIKA NCHI ZA BARIDI

Wasomaji wetu wengi wana watoto au ndugu Uingereza na katika nchi nyingine za Ulaya, ambako nyumba nzima hutiwa joto kwa maji. Boila huyapasha maji moto, pampu huyazungusha katika mabomba, na kila chumba kina sahani kubwa ya chuma ukutani, iliyo ndugu ya rejeta ya gari, inayotoa joto. Mgeni aliyetoka Afrika ya Mashariki aingiapo nyumba ya kupanga wakati wa baridi, akakuta chumba kimoja hakipati moto, hudhani kwamba mwenye nyumba amemfanyia ubakhili. Na mwenye nyumba hudhani kwamba mgeni amevunja kitu. Shaka ile ile ya Majengo imevaa koti.

Na apime kwa mkono. Rejeta ikiwa ya moto chini na baridi juu, hewa imekaa juu. Ikiwa ya moto juu na baridi chini katikati, ni tope la kutu lililotuama, na hilo ni la fundi. Ikiwa zote ni baridi, tatizo liko kwenye boila au pampu.

Hewa ikithibitika, azime joto na kungoja maji yapoe. Pembeni, juu ya rejeta, kuna msumari mdogo wa mraba wenye ufunguo wake. Ashike kitambaa na kikombe, aufungue msumari robo au nusu ya mzunguko, si zaidi, wala asiutoe. Hewa italia kama nyoka. Yakianza kutoka maji, aufunge. Aanze na rejeta za chini, amalize za ghorofani. Kisha atazame kipimo cha nguvu kwenye boila: katika boila nyingi za huko, maji yakiwa baridi, sindano hukaa baina ya 1 na 1.5. Ikiwa imeshuka, maji yaongezwe kwa njia iliyoelezwa katika kitabu cha boila hiyo, au aitwe mwenye nyumba. Asisogeze moto karibu wakati huo, maana chuma kikiliwa na kutu ndani ya rejeta huzaa gesi ya haidrojeni, nayo huwaka.

Na hewa ikirudi kila juma, asiendelee kuitoa tu na kusahau. Kuna mahali maji yavuja, au chuma chaliwa. Ama kufungua gamba la boila yenye kuwaka gesi, hiyo si kazi ya mtu wa nyumbani. Huko Uingereza sheria huitaka ifanywe na fundi aliyesajiliwa, na sheria hiyo ina busara, kwani moshi wa gesi isiyowaka vizuri hauna harufu na huua watu usingizini.

MAARIFA YA WATU WA KALE

Wenye ndugu Oman watakuwa wamesikia habari za aflaji, ile mifereji ya kale inayoleta maji kutoka mbali mpaka mashambani. UNESCO iliitia mitano katika urithi wa dunia mwaka 2006. Mafundi wake walipokuta bonde la mto mbele yao, mara nyingine waliyashusha maji katika kisima upande mmoja, wakayapitisha chini ya bonde, na yakapanda upande wa pili kwa uzito wake yenyewe. Chini hapana hewa ikaayo, na pande zote mbili mdomo u wazi. Hawakuwa na pampu wala vipimo vya sindano. Walijua tu kwamba maji hufuata chini na hewa hufuata juu, wakampa kila mmoja njia yake.

Vijana mnaojifunza ufundi wa bomba, kumbukeni hilo kabla ya kukata bomba la kwanza katika nyumba ya mtu. Chukueni uzi na pima maji, mkague mteremko. Sentimita moja kwa kila mita mbili yatosha. Muulize: hewa itatokea wapi? Fundi asiyeweza kulijibu swali hilo asiitie mkono pochi ya mwenye nyumba.

Nanyi wenye nyumba, bomba likiguna, anzeni na kilele cha bomba, kisha chujio, kisha koki. Mtu awe wa mwisho kushukiwa, na fedha iwe ya mwisho kutolewa.